Yule Mwekundu, Hajambo?

Kitalu cha Ng'washi kipo Bwiru, mlimani,
pale jiwe moja limekaa mgongoni mwa jingine
na hakuna ajuaye litashuka lini.
Miwaridi imepangwa kwenye makopo ya rangi,
ndoo zilizopasuka, sufuria isiyo na mkono,
na beseni la kuogeshea mtoto
ambaye sasa yuko kidato cha tatu.

Nilifika saa mbili asubuhi, viatu vumbi tupu,
mfukoni elfu kumi na tano
na uongo mmoja mdogo.

"Karibu, wa Mkolani!" Kumbe ananikumbuka.
Akanipa kifundo cha mkono niushike,
maana vidole vimelowa samadi.
Tukasalimiana: za watoto, za kazi, za maji ya bomba
yanayotoka Jumanne na Ijumaa, usiku wa manane.
Halafu, bila kubadili sauti:
"Na yule mwekundu, hajambo?"

Ng'washi huitaja miwaridi kwa ngeli ya watu.
Mwalimu wangu wa sarufi angemchapa.
Mimi nikajibu, "Hajambo,"
neno likanitoka kama linavyowatoka wote,
hata mwenye homa, hata aliyefiwa jana.

Hajambo!
Aliliwa na mbuzi wa jirani mwezi wa tatu.
Likabaki shina, kama kidole kinachomnyooshea mtu.
Nilimwagilia wiki mbili zaidi, kwa aibu tu,
kisha nikafungia hapo waya wa kuanikia nguo.

Hakunihoji. Akanitembeza.
Huyu wa njano ana kiburi, hataki kivuli cha mtu.
Huyu mweupe hushikwa na ukungu masika yakizidi.
Na huyu mdogo, rangi ya minofu ya sangara,
"nilimwokota ukumbini, kijiti tu, baada ya harusi,
watu wanamkanyaga wakikimbilia keki.
Ile ndoa imevunjika. Yeye yupo."

Kando, ndani ya shimo, gugumaji linaoza,
lilelile linalofunga mialo na kukaba injini,
hapa limelala pamoja na maganda ya ndizi na vichwa vya dagaa,
likitoa harufu ambayo sitaiandika.
Kijana humletea kwa gunia, elfu mbili,
na bado, anasema, humtazama kama mgonjwa.

"Huyu mdogo, shilingi ngapi?"
"Nane."
"Sita."
"Nane, na maswali juu yake.
Jua linaingia kwako saa ngapi?
Ukuta uko upande gani?
Maji ya kuoshea vyombo mnamwaga wapi?"
Nikajibu kama kijana aliyekwenda kuposa,
mgongo umenyooka, jasho kwapani.

"Na mbuzi?"

Sikuwa nimetaja mbuzi.

Akacheka mpaka akakalia ndoo.
"Baba Kwilasa alikuja hapa mwezi wa nne,
akaacha elfu nane, akasema nikungoje.
Alisema hukumfokea, hukumwambia hata neno moja,
na hilo ndilo lililomnyima usingizi.
Rudisha hela yako mfukoni.
Ila huyu akifa, usinidanganye tena kuwa hajambo.
Njoo uniambie, tuzike."

Nikampakata kwenye bodaboda mpaka Mkolani,
miiba ikinichoma kupitia shati,
vijidudu vya ziwani, vile visivyouma,
vimeganda kwenye majani kama pilipili manga.
Dereva akauliza ni zawadi ya nani.
Nilishindwa kumjibu kwa ufupi.

Baba Kwilasa alikuwa getini kwake, kamba mkononi,
mbuzi upande wa pili akitafuna mfuko.
Akatazama kopo. Nikatazama mbuzi.
"Habari za asubuhi?"
"Njema tu. Za kwako?"
"Njema."
Akainama,
akaongeza fundo moja kwenye kamba,
halafu, baada ya kufikiri kidogo,
la pili.